Jino Lililorukwa

Inatangazwa kwa wafanyakazi wote kwamba, kuanzia sasa, katika karakana hii hakuna kitambaa chenye kasoro, wala hakitakuwepo. Ndivyo uongozi ulivyotamka. Na haukuishia kutamka: ulipiga chapa, ukatia fremu ya mbao, ukatundika ofisini kwa meneja mkabala na dirisha, ili asiyeamini akajisomee. Kasoro, kwa hiyo, ilikwisha siku ya Jumatatu. Kilichobaki ni kuiarifu.

Iliyokuwa haijaarifiwa ilikaa kwenye mtambo wa pembeni, wa mzee aitwaye Kasuku. Jina hilo alipewa ujanani, kwa kuwa hakuweza kufuma bila kusema. Siku hizi anaweza kumaliza asubuhi nzima kwa maneno mawili, na moja ni la salamu. Lakini jina la utani halina utaratibu wa kulirudisha.

Asiyejua ufumaji na aelezwe kidogo, hatapungukiwa. Mtande ndio hutangulia: nyuzi zinazolazwa kwa urefu kutoka gogo la nyuma la mtambo hadi la mbele, zikakazwa mpaka ukizigusa zinalia. Mshindio huja baadaye, ukikatiza kwa upana, umebebwa na kijiti kilichochongoka ambacho karakana nzima inakiita panya, kwa jinsi kinavyokimbia. Mguu ukikanyaga, nusu ya mtande inapanda, nusu inashuka, panya anapita katikati. Kisha kinavutwa kitana, chenye meno kama cha kuchania nywele, kuupigilia mshindio mahali pake. Kila uzi wa mtande hupita kwenye pengo lake kati ya meno, na pengo hilo mafundi, kwa uvivu wa ulimi, huliita jino. Ukiruka jino moja likabaki tupu, kitambaa chote kitakuwa na ufa mwembamba toka mwanzo hadi mwisho, na mwanga utapita hapo.

Kupitisha nyuzi kwenye kitana ilikuwa kazi ya mke wa Kasuku. Mume alikaa nyuma ya mtambo akimpa uzi mmojammoja. Mke alikaa mbele na kikulabu chake, akiuvuta. Ni kazi ya watu wawili wanaovumiliana. Siku moja, katikati ya kazi hiyo, Kasuku alisema jambo, mke akacheka mpaka akaweka kikulabu chini ajifute machozi. Aliporudi kwenye nyuzi, alilipita jino moja bila kuliona. Hakuna aliyegundua mpaka kitambaa kilipofika urefu wa mkono.

“Mama watoto, umeruka jino.”

“Umenirusha wewe na mdomo wako.”

“Tufungue?”

“Ufungue na nani? Toka hapo mpaka pindo kila uzi uhame nyumba! Mimi nimechoka, baba. Fuma tu. Atakayenunua naye ana kasoro zake.”

Alikuwa amechoka kweli. Uchovu huo, walikuja kuambiwa hospitalini, ulikuwa na jina refu. Mtande ule ulidumu kuliko yeye.

Sasa, mtande unapokaribia kwisha, mfumaji mwenye akili hauondoi. Huacha mabaki ndani ya kitana, akafunga ncha za mtande mpya kwenye ncha za ule wa zamani, fundo kwa fundo, kisha akavuta polepole. Mgeni anaingia kwa njia ya mwenyeji. Njia hii huokoa muda mwingi. Pia hurithisha makosa, ila kwa wengine hilo si tatizo, hufungua, wakarekebisha. Kasuku hakufungua. Alifunga mtande juu ya mtande, mwaka baada ya mwaka, na kila kitambaa kilichotoka mikononi mwake kilikuwa na ufa upande wa kushoto, pale mkewe alipocheka. Kiliuzwa kama daraja la pili.

“Kasuku, kitambaa chako kimepasuka au kinafanya nini?” alimtania mfumaji wa mtambo wa jirani.

“Kinapumua.”

Yeye mwenyewe hakuwa na hata kipande. Anachokifuma mfumaji huondoka. Nyumbani Kasuku analalia shuka la dukani.

Baada ya tangazo, meneja alikuja mtamboni pamoja na binti wa Kasuku, aliyerithi kigoda na kikulabu cha mama yake.

“Mzee wangu, siku hizi mambo ni viwango. Binti atakurekebishia hapo.”

“Niache nifunge mtande mmoja tu, wa mwisho.”

“Mzee, tangazo limeshatundikwa.”

Meneja akaenda zake. Binti akaketi mbele, baba nyuma, kama walivyokaa wale wawili. Alichomoa nyuzi zote toka kwenye lile jino tupu mpaka pindo, zikaning'inia kama nywele zilizofumuliwa. Baba akashika wa kwanza, lakini hakuutoa.

“Baba,” binti akasema, kumsaidia, “siku ile mama alicheka nini?”

Kasuku akafungua mdomo.

“Nilimwambia...” Uzi ulikuwa bado kati ya vidole vyake. “Nimesahau.”

“Hata kidogo?”

“Kicheko ninacho. Maneno ndiyo sina.”

“Kasuku mzima!” alisema binti, akitaka iwe utani. Haikuwa. Akanyoosha kikulabu, akauvuta uzi taratibu kutoka mkononi mwa baba yake, akaupitisha pale palipokuwa patupu. Uliofuata ukahamia pa huo, na mwingine pa huo uliofuata, mpaka pindo.

Kitambaa kilichofuata kilitoka laini kama maji kwenye sinia. Kilipewa daraja la kwanza.

“Hongera, Kasuku!” jirani akapaza sauti. “Naona kimeacha kupumua.”

Kisha akasikia alichokisema, akaondoka kwenda kunywa maji ambayo hakuwa na kiu nayo.

Tangu hapo Kasuku, ambaye hakuwahi kulalamika, alianza kupeleka malalamiko ofisini. Sabuni ya kunawa imekwisha. Ikaletwa. Gogo la nyuma linalia, linataka mafuta. Yakaletwa. Akarudi kuulizia sabuni.

“Baba yako anazeeka vibaya,” meneja alimwambia binti alipomwita. “Anakuja alasiri, anaketi hapo ulipo, analeta shida yake. Namjibu, hata hasikii. Ameganda anatazama dirisha.”

Binti akageuka kutazama dirisha. Palikuwa na pazia, la kitambaa cha karakana hiyohiyo, la zamani, daraja la pili. La kwanza hupelekwa sokoni, ofisi hujisitiri na kilichobaki. Upande wa kushoto, toka juu hadi chini, palipita mstari mwembamba wa jua.

“Mvumilie, meneja,” akasema. “Anapenda kiti chako.”

Meneja ni mtu mvumilivu. Kila alasiri hulifunga pazia lile vizuri, mpaka mwisho, ili jua lisije likafifisha maandishi ya tangazo.