Ampli Yenye Matundu Mawili

Mimi si mpiga gitaa. Nasema mapema ili mtu asije akanipa sifa zisizo zangu. Mpiga gitaa ni kaka yangu, mimi ni mdogo wake niliyekamatwa siku moja nimetoka shule, kule Uvira, nikakalishwa juu ya kreti ya soda na kuambiwa, "Piga hii. Usibadilishe mpaka nikwambie." Alihitaji mtu wa kumpigia akompa, yaani ile sehemu ya gitaa inayozunguka pale pale chini, ili yeye apate pa kukanyaga anapopanda juu na solo yake. Wavulana wote wa kwaya walitaka solo. Aliyebaki ni mimi. Basi nikapiga, na hajaniambia nibadilishe mpaka leo.

Kwetu mkubwa wako unamwita yaya, awe wa kiume au wa kike. Kwa hiyo huyu kaka yangu ni Yaya, na sina jina jingine la kumwita.

Vita vilitutoa Uvira vikatupeleka kambini, upande wa Kigoma, na huko tulipiga pamoja kanisani miaka mingi. Halafu mimi, mume wangu na watoto tukaitwa kwenda Amerika. Yaya alikuwa na mke, na faili lake mwenyewe la maombi ya kuhamia huko, na faili hilo halikuitwa. Ndivyo nilivyojikuta Crystal, Minnesota, kwenye apatimenti ya ghorofa ya pili, sina wa kumpigia akompa. Watu waliniuliza nataka nini Amerika, na mimi nikatoa majibu ya adabu: shule ya watoto, gari, kazi nzuri. Uongo. Nilitaka Yaya ashuke kwenye ndege, akae mbele yangu, aniambie napiga vibaya.

Mwaka wa pili mama mmoja wa kanisani alinipa gitaa la umeme la mwanawe aliyehamia mbali. Jumamosi ya wiki hiyo hiyo nikampigia Yaya simu. Kwangu ilikuwa asubuhi, theluji imejaa dirishani na sebule yote nyeupe kama ndani ya maziwa. Kwake jua lilikuwa linazama. Nikaweka simu juu ya meza, nikapiga gitaa hivyo hivyo kavu, bila ampli.

"Nasikia mtu anakwangua sufuria," alisema.

Wiki iliyofuata nikaazima ampli ya kanisa. Mume wangu aliipandisha ngazi akihema, akaniuliza kama tunafungua dansi. Nikaichomeka, nikapiga. Haikupita dakika, jirani wa chini akagonga dari yake kwa mpini wa fagio. Alikuwa mama mtu mzima anayefanya kazi shifti ya usiku, na asubuhi ndiyo usiku wake, masikini, sikumlaumu. Lakini hata Yaya hakufurahi.

"Unakuja, unakatika," alisema. "Ukianza kupiga tu, unapotea."

"Mimi nipo hapa hapa!"

"Upo hapo, lakini hufiki."

Nikapunguza sauti kwa kuogopa fagio. Nikapunguza tena. Mara Yaya akapiga kelele huko aliko: "Hapo! Hapo hapo, usiguse!"

Ndipo tulipoelewa jambo ambalo hakuna fundi aliyetufundisha. Simu imetengenezwa kwa ajili ya watu wanaoongea. Gitaa likiwa kubwa, inadhani ni kelele za barabarani, inaliziba. Gitaa likishuka mpaka kimo cha mtu anayezungumza mezani, simu inadhani ni mtu, inaliacha lipite. Shida ni kwamba ile ampli ya kanisa, ukiishusha hivyo, ilikuwa inamumunya tu kama mzee asiye na meno. Ilizoea ukumbi. Sauti ya chini haikuijua.

Bon, yaani haya basi, kama tusemavyo kwetu. Nikahitaji ampli ndogo inayojua kusema taratibu na bado kila neno likasikika.

Nilikwenda Roseville, kwenye duka la vyombo vya muziki karibu na yale maduka makubwa, Jumamosi asubuhi ili Yaya awe macho. Muuzaji alikuwa mzee mwenye nywele nyeupe amezifunga nyuma kama mkia. Nilimwambia nataka ampli ya nyumbani, ya sauti ya chini. Akafurahi sana, akanikalisha kwenye stuli, akaniletea gitaa la kujaribia. Mimi nikatoa simu, nikaiegemeza juu ya boksi hatua chache mbele yangu, nikampigia Yaya.

"Huyo nani?" mzee akauliza.

"Huyo ndiye anayechagua," nikamjibu. "Mimi napiga tu."

Akaitazama simu, akanitazama mimi, akaishia kuisalimia simu kwa heshima. Nilimpenda kuanzia hapo.

Ampli ya kwanza aliyoleta ilikuwa ya zile zenye taa za kioo ndani, ambazo lazima zipate moto kwanza. Nzuri ajabu. Mzee mwenyewe akakiri kwamba utamu wake hautoki mpaka uifungulie sana. Nikaifungulia. Kwenye simu ikawa kimya. "Umepotea," Yaya akasema. Nikaishusha. "Sasa umelala," akasema.

Ya pili ilikuwa ndogo, unaweza kuibeba kama mkoba. Mzee akasema wapangaji wote wa apatimenti wanaichukua, na ina tundu la hedifoni, kwa hiyo jirani hasikii kitu. Nikamwambia hedifoni hazinisaidii, anayetakiwa kusikia hayupo kichwani mwangu. Nikapiga. Yaya akacheka. "Umefungiwa ndani ya kopo la maziwa ya unga. Mtoeni huyo mtoto!"

Nikaanza kukasirika. Mimi nikikasirika masikio yananichemka, na mzee yule nadhani aliyaona. Alikwenda nyuma akakaa kidogo, akarudi na ampli ya zamani iliyotumika, rangi ya kahawia, kona zimechunika, spika yake pana kuliko sanduku lenyewe lilivyostahili. Hii haikuwa na taa za kioo, na haikuwa na vitu vya kumetameta. Kwa mbele ilikuwa na matundu mawili ya kuchomeka magitaa. Akasema hakuna anayeitaka, kwa sababu haijui kunguruma. Ukiipigia kwa hasira inakujibu kwa upole.

"Ngoja tuone," nikasema, na hasira zangu.

Nikapiga ile ile aliyonifundisha kwenye kreti ya soda. Sauti ilitoka chini kabisa, chini kuliko mzee alivyokuwa akipumua, lakini kila uzi ulisimama peke yake, umekauka vizuri kama nguo zilizoanikwa juani. Nikazunguka mara ya kwanza, ya pili. Simu kimya. Nikasema moyoni, laini imekatika. Nikaendelea tu, kwa ukaidi.

Mara kwenye simu kukaanza kusikika gitaa. Ni Yaya. Alikuwa amechukua gitaa lake la kwaya, akaingia na solo. Ilifika imechelewa, imekosa mahali pake kabisa, lakini ilikuwa yake. Jamani. Nililia dukani mchana kweupe, na mzee wa watu akajifanya anapangusa vumbi kwenye rafu.

Kabla sijalipa, Yaya akauliza, "Ina matundu mangapi?"

"Mawili."

"Bon. Chukua."

Ndivyo Jumamosi zetu zilivyoanza. Jirani wa chini hakugonga tena. Nilipokutana naye kwenye ngazi na kuomba radhi ya ile siku ya kwanza, akasema siku hizi anasikia watu wanaongea juu, na sauti hiyo inamletea usingizi. Sikumsahihisha.

Lakini kulikuwa na sheria moja ya Yaya, na ilikuwa ngumu. "Usinisikilize," alisema. Sauti yangu ilichukua muda kufika kambini. Yeye akiisikia anapiga juu yake, wakati huo huo, safi. Halafu sauti yake nayo inachukua muda kurudi, kwa hiyo mimi naipata wakati nimeshapita. Nikijaribu kumfuata, napunguza mwendo; nikipunguza, naye anapunguza; mwisho wote wawili tunasimama kama watu wawili mlangoni, pita wewe, hapana pita wewe. Kwa hiyo akaamuru: tazama dirishani, piga, usinisikilize hata kidogo.

Maana yake ni kwamba wimbo mzima ulisikika kambini tu. Mimi niliyekuwa na ampli sikuwahi kuusikia. Yaya akimaliza anasema, "Leo tumeelewana vizuri," na mimi namwamini, kama unavyoambiwa ulichosema usingizini. Binti yangu mdogo alipita siku moja na bakuli lake la nafaka, akasikiliza, akaniambia kwa Kiingereza chake kwamba mjomba anachelewa kila mara. Nikamwambia mjomba hachelewi, dunia ndiyo ndefu. Akaenda zake.

Nilijifunza kutosikiliza. Nilitazama theluji, na ilipoyeyuka nilitazama miti, na mikono ilikwenda yenyewe. Solo ilinijia kutoka nyuma, kila noti ikifika mahali nilipokuwa nimeondoka. Nikawa naishi hivyo hata kazini. Nilikuwa nakunja mashuka ya hospitali huko Saint Paul, mvuke umejaa, mashine zinazunguka, na nilihisi kuna mtu nyuma yangu kidogo, anakuja, hajafika. Sikuona huzuni. Nilikuwa naelea tu kwenye mvuke ule kama mtu anayeota akiwa amesimama.

Halafu faili la Yaya likaitwa, akahojiwa, akapimwa afya, akaanza kugawa vyombo vyake. Na ghafla safari za wakimbizi kwenda Amerika zikasimamishwa. Kwa muda gani? Hakuna aliyejua. Subirini. Alikuwa ameshagawa hadi sufuria.

Jumamosi ile nilipompigia alipokea, akasema, "Leo sipigi." Iliyofuata aliiacha simu wazi tu, nilisikia mkewe akiongea, kuku, redio ya jirani. Niliona hasira ikinipanda mpaka kwenye nywele.

"Yaya, unanisikia? Kama hutaki kupiga, usipige. Mimi nafanya mazoezi yangu."

Nikachomeka ampli, nikapiga. Akompa peke yake ni kitu cha ajabu sana. Inazunguka, inazunguka, inaandaa meza, na hakuna anayekuja kula. Mume wangu alivumilia, kisha akauliza kwa sauti ya upole kama wimbo huu utaanza lini. Nikamtupia jicho, akaenda kufua.

Nilipiga hivyo majira yote ya baridi. Niliogopa. Nasema wazi, niliogopa kwamba amekufa ndani akiwa bado anatembea, na kwamba hata akija, atakayeshuka kwenye ndege ni mtu mwingine. Kila Jumamosi niliishusha ampli mpaka kimo cha mtu anayeongea, nikaongea naye kwa njia hiyo, maana maneno yangu yote yalikuwa yanatoka na ukali.

Siku moja, barafu ikidondoka kutoka kwenye paa tone kwa tone, nilikuwa nimetazama dirishani na sikumbuki nawaza nini. Nyuma yangu, kwa kuchelewa, likaingia gitaa. Vidole vilikuwa vizito, vimeshika kutu. Sikugeuka kuitazama simu. Sikumsikiliza. Nilifuata sheria, machozi yakinishuka mpaka kwenye kidevu, nikaendelea kupiga ile ile.

Mwisho alisema, "Umeharakisha."

"Wewe ndiye umechelewa."

"Labda," akasema, na nikamsikia akitabasamu.

Alikuja na mkewe mwaka uliofuata. Uwanja wa ndege sitausimulia, nilijiaibisha. Nitasimulia Jumamosi ya kwanza. Aliketi sebuleni kwangu amevaa koti la mume wangu, ingawa hita ilikuwa inawaka, anakunywa chai na kuitazama ampli. Nywele zake zilikuwa zimepata mvi bila kunitaarifu. Akainama, akaipapasa ile kona iliyochunika.

"Kumbe ni ndogo hivi," akasema. "Kule ilikuwa kubwa."

Nilikuwa nimemwazimia gitaa kanisani. Akalichomeka kwenye tundu la pili, tundu ambalo halijawahi kuguswa miaka yote hiyo. Nilikuwa nalipangusa vumbi tu. Mimi kwenye langu. Jirani alikuwa amelala chini, kwa hiyo nikaweka sauti pale pale ilipozoea, kimo cha watu wawili wanaozungumza mezani.

Nikageuza uso dirishani. Nikaanza. Nilizunguka mara ya kwanza, ya pili, macho kwenye miti, masikio nimeyafunga kama alivyonifunza.

Na solo ikaingia. Haikutoka nyuma. Iliingia pale pale, juu ya kidole changu, noti yake na noti yangu kwa pamoja, zikitoka kwenye spika ile ile moja. Mkono wangu ukasimama.

"Mbona umeacha?" Yaya akauliza.

Nilitaka kumwambia kwamba sijawahi kuusikia wimbo huu tangu nilipoondoka kambini, kwamba ni yeye tu aliyekuwa nao. Nilichoweza kusema ni, "Upo hapa."

Akarekebisha uzi mmoja, taratibu.

"Bon. Rudia," akasema. "Na sasa nisikilize."

Nikarudia. Nikamsikiliza, na kwa sababu nilikuwa nalia nikapunguza mwendo, lile kosa alilonikataza miaka yote. Hakunigombeza. Alipunguza na yeye, akanisubiri.