Injini Ikibisha Hodi

Wanawake wa kanisa walishazoea kumwona Metrine Naswa akija ibada ya Jumapili na kucha nyeusi. Alizisugua kwa sabuni, kwa ndimu, hata kwa majivu, lakini oili ya injini ina ukaidi wake. Ikishakaa chini ya ukucha, hufa na mwenyewe. Hakuna aliyemcheka tena. Walijua kwamba mumewe Oluoch alipofariki, yeye ndiye aliyebaki na gereji pale Nyamasaria, na kwamba nusu ya magari yaliyoegeshwa nje ya kanisa yaliwaka asubuhi hiyo kwa sababu ya mikono ile.

Alitoka kwao Kimilili akiwa msichana, akaolewa na fundi Mjaluo asiyependa maneno mengi. Oluoch alimfundisha kazi hivi: aliweka ncha ya bisibisi ndefu juu ya injini inayonguruma, akauweka mpini kwenye sikio la mkewe, akasema, "Sikiza." Kesho yake, sikiza. Mwaka mzima ni kusikiza tu, mpaka Metrine akaweza kulala chini ya gari akataja kinachouma, kama mama anavyojua kilio cha njaa na kilio cha homa.

Mlio mmoja Oluoch aliupa jina. Ni mgoto mdogo, mkavu, kama kokoto ndani ya mkebe, unaotokea petroli inapowaka kabla ya wakati wake.

"Hiyo ni hodi," alimwambia. "Injini ikibisha hodi, jua ni nani yuko mlangoni. Usimwambie karibu."

Mungu hakuwajalia mtoto, lakini aliwapa Dalmas. Dalmas alikuwa kitinda mimba kwao Oluoch, akaletwa mjini mama yao alipokufa, angali anang'oka meno, na jogoo mikononi kama zawadi. Metrine ndiye aliyemfulia sare na kumkesha alipougua malaria. Mdomoni walikuwa shemeji na shemeji. Moyoni mwa Metrine, Dalmas alikuwa mwanawe, na baada ya Oluoch kwenda, hakuwa na mwingine duniani wa kumwombea kwa jina kabla ya kulala.

Na Dalmas, naye, alikuwa na Subaru.

Ilikuwa ya buluu, ya kukimbia, ameinunua mikononi mwa mtu na kuigusagusa hapa na pale: ekzosi pana kama bomba la kisima, na kichujio cha hewa kilichoachwa wazi. Mambo madogo, alisema. Lakini Metrine alijua injini ile sasa ilivuta hewa nyingi kuliko ilivyofundishwa, na tangu hapo alikuwa akimwambia ailete itulizwe. Hakuileta, mpaka baba yake mdogo, Mzee Oyugi, alipokufa.

Mzee alikuwa azikwe kwao Awasi. Na mzee wa Kijaluo hafichwi ardhini kimya kimya. Kuna tero buru, kufukuza mauti. Zamani walikimbiza ng'ombe kwa mikuki mpaka vumbi likafunika jua, maana buru lenyewe ni vumbi. Siku hizi vijana huifanya kwa pikipiki na magari, honi juu na matawi ya miti mbele.

"Shem, nataka hii ndai, hii Subaru yangu, iongee," Dalmas alisema, akiegemea mlango wa gereji. "Ipige risasi huko nyuma. Mzee Oyugi asiende kimya kama kuku wa wizi."

"Kuku wa wizi hanyamazi hata," Metrine alimjibu, kichwa kikiwa bado ndani ya pikapu ya mtu. "Uliza mwizi."

Dalmas alicheka. Metrine akajifuta mikono, akaja akafungua boneti ya ile Subaru.

"Hebu nikueleze. Tunaweza kuifundisha kompyuta yake upya, ijue petroli yetu ya hapa na hii hewa unayoivutisha. Nguvu itaongezeka kidogo, na wewe utafika harusi yako. Ukitaka zaidi ya hapo, tuanze na chakula. Pampu kubwa ya petroli kwanza, na nozeli zake. Halafu ndiyo turbo isukume upepo zaidi, kidogo, tukisikiza. Upepo hautangulii petroli, Dalmas. Ukipuliza jiko lenye makaa machache, unatoboa sufuria."

"Na itachukua muda gani?"

"Mpaka niridhike."

"Mazishi ni Jumamosi, shem. Mzee hawezi kungoja mpaka uridhike."

Dalmas akaenda Kondele, upande mwingine wa mji. Huko kulikuwa na kijana mwenye kompyuta ya kubeba, aliyechomeka waya chini ya usukani na kuipa Subaru maagizo yaliyotungwa ng'ambo, kwa petroli safi kuliko yetu. Turbo ikaambiwa isukume zaidi. Petroli kidogo ikaambiwa ichelewe, ilipukie kwenye ekzosi. Kazi ikaisha kabla chai haijapoa.

Ijumaa mchana Metrine alimsikia akija kutoka mbali. Pa! Pa-pa! Wauza nyanya kando ya barabara waliziba masikio, wakicheka. Naye alitaka kucheka. Kisha Dalmas akakanyaga mafuta kuingia gerejini, na katikati ya milipuko ile, chini kabisa, Metrine akasikia kokoto ndani ya mkebe. Spana ilimtoka mkononi.

"Dalmas. Inabisha hodi."

"Shem, hiyo ndiyo kelele yenyewe niliyoenda kutafuta."

"Kuna kelele mbili hapo. Moja ni yako. Moja si yako."

"Mimi nasikia moja."

"Hapo ndipo naogopa."

Alimbembeleza aiache pale gerejini, waende kwa basi la kanisa. Dalmas alimshika bega kwa upole, maana hakuwa mtoto mbaya. "Nani ataongoza msafara, shem? Oluoch angekuwa hai angeongoza yeye. Nimebaki mimi."

Kwa jina hilo akamfunga mdomo.

Asubuhi ya mazishi, kabla ya kuondoka mochari, magari yaliombewa kama ilivyo desturi, boneti wazi. Gari la Dalmas aliliombea Metrine mwenyewe. Mkono mmoja aliuinua juu, mwingine ukawa umetulia juu ya mpira unaopeleka upepo wa turbo kwenye injini. Klipu yake ilikuwa chini ya kidole gumba. Angeilegeza tu, gari lingekosa pumzi, lijikokote mpaka Awasi. Macho ya wote yalikuwa yamefumbwa. Lakini angewezaje kumwambia Mungu "linda" kwa mkono mmoja, na kwa mwingine adanganye? Kidole kiligusa klipu. Akakiondoa.

"Amina," akasema, akafunga boneti. "Mimi nitakaa mbele na wewe."

"Shem, hiki kiti ni kama beseni. Utatoka aje?"

"Utanivuta."

Basi Dalmas aliendesha taratibu, kwa heshima, nyuma ya gari la maiti. Binamu zake walimpita kwa pikipiki wakimzomea. "Dalmas! Umebeba mayai?"

"Nimebeba shemeji," aliwajibu, akiangalia mbele tu. Metrine aliangalia mashamba ya mpunga yakipita, akiomba bila sauti. Ile hodi ya injini ilikuwa imenyamaza. Akaanza kuamini kwamba labda wangefika.

Ahero msafara ulisimama ili vijana wafunge matawi. Hapo ndipo Achola, mjane wa Oyugi, alipomwita. Wake wa boma wakae naye kando ya jeneza mpaka nyumbani. "Na mke wa Oluoch yuko wapi? Aje."

Miaka yote hiyo katika ukoo ule aliitwa jamwa, mtu wa kuja. Leo, mbele ya watu, ameitwa mke wa boma. Na hata isingekuwa hivyo, mjane akikuita siku ile huulizi kwa nini. Dalmas alimvuta kutoka kwenye kiti. Metrine aliushika mlango.

"Niahidi."

"Nimeahidi, shem. Nyuma ya jeneza."

Ahadi yake ilidumu mpaka nyumba za Ahero zilipoisha. Kisha pikipiki zikaunguruma, mtu akapuliza filimbi, na ile buluu ikalipita gari la maiti kama kitambaa kilichopeperushwa. Pa! Pa-pa-pa! Watu wakatoka mashambani wakipiga vigelegele. Metrine, ameketi kando ya jeneza, aliusikia ule mlio wa chini. Haukuwa tena kokoto. Sasa ilikuwa ngumi mlangoni.

"Injini yake inagonga," alimwambia Achola.

"Waache watoto wamlilie baba yao," Achola alisema.

Ukaja mshindo usiofanana na mingine, mzito, wa chuma ndani ya chuma. Halafu kimya. Mbele yao wingu la moshi mweupe lilifumka kutoka ardhini, likafunika barabara yote.

"Buru!" watu walishangilia. "Oneni buru la Dalmas!" Wakaruka, wakapunga matawi, wakalikimbilia lile wingu wakiimba, maana walikuwa hawajawahi kuona mtu akifukuza mauti namna ile.

Metrine alipiga ubavu wa gari la maiti kwa viganja vyote viwili mpaka dereva akasimama. Alishuka akakimbia, viatu vikabaki nyuma. Alama za magurudumu yaliyokwama ghafla injini ilipokufa ziliiacha lami na kushuka mpaka kwenye mfereji wa mpunga, na huko Subaru ilikuwa imelala kichwa chini, maji yakitoka povu. Juu barabarani bado waliimba. Alivuta mkono aliouona dirishani, akavuta, akiliita jina la mwanawe na jina la Yesu kwa pumzi moja, mpaka nyimbo zikakatika na wanaume wakaingia majini.

Walimtoa akiwa hai. Mguu na nyonga vilivunjika, na mapafu yake yalikohoa tope kwa siku nyingi.

Yale mabaki yaliletwa Nyamasaria. Metrine aliifungua injini peke yake, polepole, kama anayeosha maiti, akakuta alichojua atakikuta. Pistoni moja ilikuwa na tundu katikati, kingo zake zimeyeyuka. Aliifunga kwenye kitambaa akaenda nayo hospitali.

"Weka kidole," alimwambia.

Dalmas alilala akiigeuzageuza. Akaingiza kidole kwenye tundu, kikapita mpaka upande wa pili. Akakitazama kidole kile, na Metrine akamshukuru Mungu kimoyomoyo kwamba sasa amesikia.

"Shem," alisema hatimaye, kwa upole. "Hizi ni pistoni za kumiminwa. Yule kijana wa Kondele anasema kuna za kufuliwa kama jembe, ngumu. Na hizo haziwezi kutoboka."

Alikuwa akiangalia dari. Mkono wake mwingine uliolegea ulikuwa umeanza kucheza kwenye chuma cha kitanda, ukucha juu ya rangi, haraka, kavu, bila yeye kujua. Metrine alikaa akiusikiza. Kisha akaufunika mkono ule kwa wake, akaukandamiza kwa nguvu, na chini ya kiganja chake akahisi vidole bado vinagonga.