Karatasi ya Mlangoni

Kwa miezi mitano niliilinda karatasi moja ya Kijapani kama cheti cha ubatizo. Ilikuwa ndogo, haizidi kiganja, imebandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva, mahali ambapo hupaoni mpaka mlango ufunguliwe. Watoto wa dada yangu wakishuka niliwapigia kelele wasiiguse. Siku padri alipolibariki gari katika ua wa parokia, maji ya baraka yaliirukia, nami nikaifuta upesi kwa ncha ya kitenge changu, sala hata haijaisha. Padri alinitazama. Nilidhani anaona imani.

Nieleze kwa nini. Hapa Lubumbashi, gari la mitumba likiwa bado na karatasi zake za Kijapani na nailoni kwenye viti, maana yake hakuna mtu wa hapa aliyekwisha kuliendesha. Mashimo yetu hayajaligusa, mafuta yetu ya chupa hayajaingia tumboni mwake. Kwa hiyo watu hawazibandui. Utakuta gari limekaa hapa miaka sita, viti vimepasuka, nailoni imegeuka vumbi, lakini karatasi ipo, na mwenyewe anakufungulia mlango makusudi uione. Mimi nami niliufungua mara nyingi. Kwa shemeji zangu niliufungua hata walipokuwa hawajauliza kitu.

Gari lenyewe nililinunua kwa ajili ya baba. Baba yangu amepita miaka themanini, anakaa nami tangu mama alipofariki, na miguu imemkatalia. Teksi hazifiki kwenye njia yetu, na pikipiki hataki kabisa. Anasema hawezi kufungwa nyuma ya mtu kama gunia la makaa. Alikuwa amekosa Misa miezi mingi. Kwa mtu kama yeye hilo si jambo dogo, nikamwahidi kwamba hatakosa tena. Muuzaji wa mjini, bwana mwenye shati lililopigwa pasi vizuri na maneno laini, alinionyesha mita ya kilomita: elfu sitini na moja. Akanifungulia mlango, akanionyesha karatasi. Basi, nikamalizwa.

Mimi nafundisha hesabu shule ya sekondari. Nasema mapema ili mnicheke mara moja tuendelee.

Baba alifanya kazi karakana ya reli maisha yake yote. Kazi yake ilikuwa kukagua breki za mabehewa na kutia sahihi kwamba yanaweza kutoka. Nikiwa mdogo niliisikia mara nyingi habari ya siku ambayo mkubwa wake alimtaka atie sahihi kwa behewa lenye breki mbovu, kwa kuwa shaba ilikuwa inangoja. Baba alitia kalamu mfukoni, akaja nyumbani kula. Behewa halikutoka. Mama ndiye aliyependa kuisimulia; baba mwenyewe alikuwa anaendelea kula tu.

Jumapili moja baada ya Misa, akina mama wa kwaya walinizuia kwa maneno yao. Baba alikuwa amesimama ameshika mlango wangu uliokuwa wazi, ananingoja. Nikamwona anatoa miwani, anainama. Niliporudi akaniita kama anavyoniita siku zote, mama, kwa kuwa nimebeba jina la mama yake.

"Mama, motoka yako iko na kilomètres ngapi?"

"Soixante-deux mille, papa." Elfu sitini na mbili.

"Basi juu ya nini hapa banaandika deux cent quatorze mille?"

Laki mbili na elfu kumi na nne. Namba ilikuwa wazi, na mbele yake herufi k na m, herufi zetu hizihizi. Nilikuwa nimeiona kila siku ya Mungu. Lakini kila kilichokuwa kando yake kilikuwa Kijapani, basi na namba nayo niliihesabu kuwa Kijapani, namba ya kitu fulani cha kwao huko.

"Ku atelier ya reli tulikuwa tunaandika vile," baba akasema. "Siku ya kubadirisha mafuta, unaandika na kilomètres." Halafu akaingia garini polepole, akafunga mlango. "Nani alisema huyu mutoto anafundishaka hesabu?"

Alitania, lakini mimi hasira ilikuwa imeshanipanda.

Fundi wangu hakuchukua hata dakika kumi. Alinionyesha mpira wa pedali ya breki, umelika mpaka chuma kinachungulia. "Soixante mille haiwezi kukula caoutchouc vile, mama," akasema. Kisha akasikiliza injini, akatikisa kichwa. Ilikuwa imechoka. Inaweza kutembea mwaka mzima, inaweza kufa kesho, yeye hawezi kuniahidi. Sasa nikaelewa kwa nini asubuhi nyingine gari lilikohoa mara nne, mara tano, kabla ya kuwaka. Nilikuwa nasingizia baridi.

Nilikwenda kwa muuzaji nikapiga kelele mpaka watu wa duka la ng'ambo ya barabara wakatoka kusikiliza. Yeye alinivutia kiti. "Mama, miye nilipokea vile. Motoka yote ya hapa, banarudisha compteur nyuma kidogo. Ya kwako balizidisha, naona, pole." Sikukaa. Akashusha sauti kama mtu anayenipa dawa. "Shida yako njo ile karatasi. Ungeitosha, ungelala muzuri. Itoshe, uuzishe, utafute ingine."

Nilimtukana. Lakini neno lake hilo, kuitosha, kuibandua, nililibeba mpaka nyumbani.

Wiki zilizofuata sikutulia hata kidogo. Niliacha kuwasha redio garini ili nisikilize injini. Kila sauti ilikuwa mwisho: jiwe likigonga chini nilishtuka, tumbo la baba likinguruma kwenye kiti cha pembeni nilishtuka pia. Nikifika sokoni sikuzima gari. Nikifika shuleni nililiegesha kwenye mteremko, nikatoka darasani mara mbili kwenda kulitazama, na wanafunzi wakaanza kunitazama mimi. Macho yangu yalikuwa kwenye ile mita kuliko barabarani. Namba ya uongo iliendelea kuhesabu kwa utaratibu mzuri, kilomita moja, nyingine, bila aibu. Nilitaka gari lile litoke uani kwangu. Nilitaka liwe la mtu mwingine, na shida hizo ziende naye.

Jumanne moja nikachukua maji ya moto na kitambaa, nikaibandua karatasi kwa ukucha, taratibu. Ilitoka nzima. Kuitupa nilishindwa, sijui kwa nini. Nikaiweka ndani ya kitabu changu cha nyimbo. Baba alikuwa kwenye barza ya mbele ya nyumba, amekaa, anaona kila kitu. Nikamwaga maji.

Aliyekuja kulitazama gari alikuwa mama mmoja wa mtaa wa Ruashi, muuza maharage. Alikuwa amechoka kuleta magunia yake kwenye malori ya watu. Mjane, akanieleza mwenyewe kabla sijamuuliza, na motoka itakuwa ndiyo bwana wake wa pili, akacheka sana. Pesa alikuwa amezifunga kwenye pembe ya kitenge. Alikaa kwenye usukani, akatazama mita.

"Yaya," akaniita, kama ningekuwa dada yake mkubwa, "hii kilomètres njo ya kweli?"

"Njo vile unaiona," nikamjibu.

Angalieni jibu hilo. Nilikuwa nimeliandaa tangu Jumanne.

Akashuka, na aliposhuka akaona fremu ya mlango. Mahali pa karatasi palikuwa peupe, pasafi, pembe nne, na pembeni vumbi la miezi mitano. Akaweka kidole. "Na hapa? Kintu gani ilikuwa hapa?"

Jibu la swali hilo sikuwa nimeliandaa. Nikaanza kupafuta kwa ncha ya kitenge. Nilisikia kiti cha barza kinalia.

"Ilikuwa karatasi ya bei, mama," baba akasema. "Miye njo niliitosha."

Maisha yangu yote sikuwahi kumsikia baba yangu akisema uongo. Alisema ule kwa sauti ya kawaida kabisa, huku ameshika fimbo yake kwa mikono miwili, rozari shingoni. Yule mama alimtazama, akaona mzee mwenye mvi na rozari, uso wake ukalegea. "Bon. Kama papa anasema, iko sawa." Akaanza kufungua fundo la kitenge.

Nilikimbia ndani. Nilisikia yule mama ananiuliza ninaenda wapi. Nilirudi na kitabu cha nyimbo, nikakifungua mbele yake juu ya boneti, nikamwonyesha namba kwa kidole. Nilisema yote, haraka, mita, injini, fundi, maji ya moto. Nilikuwa nalia, na sikulia kwa sababu ya gari.

Aliisoma namba. Akalifunga tena fundo lake, akalivuta kwa meno.

"Yaya, ulikuwa unataka kuniingiza mu shimo," akasema, bila kelele. Halafu akageukia barza. "Na weye, papa. Na nywele nyeupe vile."

Baba aliinamisha kichwa. Mkubwa wa karakana alishindwa kumwinamisha, na mimi nikaweza, uani kwangu, mchana, mbele ya muuza maharage. Yule mama akaondoka kwa miguu. Nilimfuata mpaka getini nikimwomba radhi, hakugeuka.

Niliporudi nilingoja kukemewa. Ningependa kukemewa.

"Niliona unatafuta uongo na unaukosa," baba akasema. "Nikakusaidia." Akasugua goti. "Siku ya posho utanipeleka ku kitubio."

Siku ya posho ndiyo Jumamosi. Wazee wa reli na migodi bado wanaiita hivyo, kwa sababu ndiyo siku waliyopewa chakula cha wiki. Jumamosi hiyo gari lilikohoa mara sita, likawaka. Karatasi nilikuwa nimeirudisha mahali pake kwa utepe wa gundi, imekunjamana kidogo, namba inaonekana. Katika ua wa parokia nilimsaidia baba mpaka mlangoni pa kanisa, nikarudi kukaa kwenye usukani. Injini sikuizima. Niliogopa haitawaka tena, na kumrudisha nyumbani ningemrudisha na nini?

Alikaa ndani muda mrefu, mrefu kupita kiasi kwa mtu mwenye dhambi moja, tena si yake. Alipotoka nilimfungulia mlango wa pembeni. Hakuingia.

"Padri anasema nini, papa?"

"Nimuombee yule mama wa Ruashi, apate motoka muzuri."

"Na miye?"

"Ya kwako sikusema. Niliacha useme mwenyewe." Akakaa, akaweka fimbo katikati ya magoti. "Enda. Padri eko anangoja. Miye nitakaa hapa."

Mkono wangu ulikuwa kwenye ufunguo. Injini ilikuwa inanguruma, inaruka kidogo, inanguruma tena. Nikaizima, nikashuka.