Jino Lililonyamaza

Asubuhi ya kwanza ambayo Kengele hakunadi, soko la mitumba lilichelewa kujua kwamba kumekucha. Wauza mboga wa upande wa pili walikuwa wamezoea kufanya kazi zao kwa sauti yake. Akifika kwenye mashati, wao wameshanyunyizia mafungu maji. Akipanda kwenye suruali, chai yao imechemka. Siku ile chai ilichelewa, maji yakamwagwa mara mbili, na watu wakawa wanatazamana kama waliokaa miaka mingi chumba kimoja na saa ya ukutani, kisha saa ikasimama.

Mkewe alikuja mwenyewe akafunua meza. Cherehani yake ilikaa nyuma ya meza hiyo hiyo, mahali alipopunguza suruali ndefu na kutia viraka nguo zilizofika zimechoka. Aliketi, akaweka mguu kwenye kanyagio, na hakukanyaga.

"Shemeji, bwana mkubwa yuko wapi?" aliuliza Mzee Soksi, jirani yao wa meza, ambaye tangu ujana wake hakuwahi kuuza kitu kingine.

"Yuko hospitali. Jino."

Mzee Soksi akacheka. Hakukusudia, jino ni kitu cha kuchekwa. Alipomtazama usoni, kicheko kilimkauka, akainama akaanza kupanga soksi ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

Kengele ni jina alilopewa na soko. Alikuwa mwembamba, kifua kama cha kuku, na sauti ambayo hata mkewe hakujua alikuwa anaificha wapi. Alipanda juu ya robota la nguo, akashika koti kwa ncha za mabega kama anayemtambulisha mgeni wa heshima, akaanza. "Njoo dada, njoo kaka! Koti hili limevuka bahari na halijui kuogelea! Livae leo, kesho mwenye nyumba atakuamkia! Mama, usiliguse kama huna nia, litalia! Mama mkwe akikuona na gauni hili ataomba msamaha wa mwaka mzima!" Watu waliokuwa wakienda zao walisimama, na aliyesimama alishika, na aliyeshika hakuondoka mikono mitupu.

Koo la mnadi hukauka upesi. Wengine hunywa maji, wengine hutafuna tangawizi. Kengele alikuwa na pipi. Pipi ngumu za mnanaa, moja baada ya nyingine, kuanzia kufunua meza hadi kuifunika. Hakuzitafuna. Aliziegesha kwenye shavu la kushoto, kila siku shavu hilo hilo, na utamu ukamshukia kooni polepole huku akipiga kelele. "Mafuta ya injini haya," alimwambia mkewe. Alifundishwa na baba yake, aliyenadi kwenye meza hiyo kabla yake.

Baba mtu alimaliza kazi bila jino hata moja mdomoni. Mkewe Kengele alimkuta mkwe wake katika hali hiyo, mzee aliyekunja midomo kama mkoba uliovutwa kamba, akila vya kupondwa. Hadithi ya mdomo ule aliijua kwa moyo, kwa kuwa mumewe aliirudia kila jino lilipotajwa. Mzee alikwenda kung'olewa gego moja la nyuma. Likafuata la jirani, likafuata la upande wa pili, mpaka akafika kwenye meno ya mbele. Wateja wakawa wanasimama mbele ya meza si kununua bali kumwiga: "Fati! Fuluali!" Siku moja mzee alishuka juu ya robota katikati ya maneno, akaenda nyumbani, na hakupanda tena. Kengele alikuwa kijana, alikuwa amesimama pale pale. Alichokilaumu siku ile ni koleo la daktari. Pipi hakuiona.

Kwa hiyo doa jeusi lilipotokea kwenye gego lake la chini, kushoto, alilificha. Doa likawa tundu, tundu likawa pango ambalo ulimi ulikwenda kulikagua kila baada ya sentensi. Maumivu yalipomzidi alikwenda kwa daktari wa meno aliyekuwa na chumba juu ya duka la rangi, mwanamke mfupi mwenye maneno machache. Daktari alichimba akaliziba, akamwonya kuhusu pipi. "Nimeacha tangu leo, daktari," alisema Kengele, na alipofika chini ya ngazi, moja ilikuwa imeshaingia shavuni. Kizibo kile kikavunjika. Akatiwa kingine, kikubwa zaidi. Safari hiyo ukuta mzima wa jino wa upande wa ulimi ulikuwa umeondoka.

Mara ya tatu mkewe alifuatana naye, maana hakumwamini kuyaleta maneno ya daktari nyumbani yakiwa kamili. Chumba kilinuka rangi mbichi kutoka chini na mafuta ya karafuu. Kengele alitoa mfukoni kipande kilichodondoka, kile kizibo cha pili, akakikabidhi kwa adabu. Alikuwa amekifunga kwenye karatasi ya pipi.

Daktari aliitazama karatasi kwa muda mrefu kuliko alivyokitazama kipande.

"Kirudishie hapo hapo, daktari," alisema Kengele. "Kimetoka kizima kabisa, hakina hata mkwaruzo."

"Kimetoka kizima kwa sababu hakikuwa na pa kushika. Panua mdomo."

Aligonga jino kwa mpini wa kioo, na Kengele akaruka kwenye kiti. Alipiga picha ya jino, akaiinua kwenye mwanga ili mke naye aone. Mke aliona kitu kama kisiki kilicholiwa na mchwa, na chini ya mzizi mmoja, kivuli.

"Baba, kuoza kumefika kwenye mshipa," daktari alisema. "Kilichobaki ni ganda. Nikiziba juu tu, chini kutaendelea kuoza, na usaha ukikosa njia ya juu utajitafutia njia ya chini."

"Lakini wahenga walisema, usipoziba ufa..."

"Utajenga ukuta, najua. Ufa huzibwa ukuta ukiwepo. Wewe umeniletea ufa mtupu."

Mke alicheka. Kengele hakucheka.

"Njia ni mbili," daktari aliendelea. "Niling'oe leo, uende nyumbani. Au nisafishe mizizi, nitoe kilichokufa ndani, kisha jino livalishwe kofia. Hiyo utakuja hapa mara kadhaa bila kukosa, pipi uache kweli, na hata hivyo sikuahidi. Kuta zilizobaki ni nyembamba kama ganda la yai."

"Kung'oa hapana."

"Ni gego la nyuma, baba. Pengo lenyewe hata mkeo hataliona."

"Baba yangu naye alianza na gego la nyuma."

Daktari aliiweka chini picha. "Baba yako alikuwa anakula pipi?"

Kengele alitazama dirishani. Mkewe ndiye aliyejibu. "Alikuwa anakula."

Basi wakashika njia ya pili. Daktari alimchoma sindano ya ganzi, akafungua jino, akatoa alichoweza kutoa, akatia dawa ndani na juu yake akafunika kwa kitu cheupe, laini kama udongo wa mfinyanzi. Alimwambia mume, kisha akageuka akamwambia mke maneno yale yale, neno kwa neno. "Hiki ni kifuniko cha muda. Kazi haijaisha, ndiyo kwanza imeanza. Wiki ijayo mrudi. Na likinyamaza msidanganyike. Jino kama hili likinyamaza halijapona. Aliyekuwa anapiga kelele ndani amekufa."

Likanyamaza. Kesho yake mchana Kengele alitafuna karanga upande wa kushoto, akamwita Mzee Soksi aje ashuhudie.

"Kwa hiyo limepona?" aliuliza Mzee Soksi.

"Limetulia kama mtoto aliyenyonya."

"Basi mwambie huyo daktari aje amzibe mke wangu."

Walicheka mpaka wateja wakacheka bila kujua wanacheka nini. Wiki ijayo ilipofika, makoti ya baridi yalikuwa yamewasili, na msimu wa makoti ndio msimu wenyewe. Kengele alisema atakwenda yakiisha. Yakaisha, yakaja masweta. Mkewe alikumbusha, akanuna, akakumbusha tena. Siku moja alimwekea shati mapajani, kiwiko kimeoza, uzi unakatika ukiguswa.

"Hili siwezi kulitia kiraka," alisema. "Kiraka kinashika kwenye kitambaa. Hakishiki kwenye tundu."

"Mimi si shati, mke wangu."

"Shati lingekuwa limeshanisikia."

Alitabasamu, akamrushia busu la mbali, akapanda juu ya robota. Mkewe akarudi kwenye cherehani. Baadaye, kwenye benchi la hospitali, angejiuliza kwa nini siku ile hakumshika mkono akampandisha zile ngazi za duka la rangi kama mtoto mtoro. Jibu lilikuwa jepesi na halikumsaidia: haliumi. Nani anamburura mtu mzima kwa daktari kwa kitu kisichouma?

Kwanza kilitokea kipele kwenye ufizi. Kilitoa majimaji ya chumvichumvi, kikafunga, kikatoa tena. Pipi ikaifunika ladha. Halafu kipele kikakauka, na Kengele akaona hiyo nayo ni heri. Siku chache baadaye taya lilivimba. Si uvimbe laini wa kuumwa na nyuki. Ulikuwa mgumu chini ya kidevu, kama amemeza ubao. Alichukua skafu kwenye meza, akajifunga shingo, akanadi.

"Skafu hiyo bei gani?" mteja mmoja aliuliza.

"Hii haiuzwi, dada. Ndiyo imeshikilia kichwa."

Soko lilicheka. Ulikuwa mzaha wake wa mwisho. Saa za alasiri maneno yalianza kumtoka mazito, kama mtu mwenye kiazi cha moto mdomoni. Mzee Soksi alidhani anaigiza, akapiga makofi. Mke alisikia. Kwa miaka yote aliyokaa nyuma ya sauti ile aliisikia kama mtu anavyosikia mvua juu ya bati. Sasa ilibadilika, naye akatoa mguu kwenye kanyagio. Alimwona mumewe akijaribu kumeza mate na kushindwa. Pipi ilimtoka mdomoni ikaanguka juu ya sweta jeupe, na mate yakafuata, marefu, naye hakuinua hata mkono kuyafuta.

Hospitali, daktari wa zamu alimpanua mdomo kwa shida. Ulimi ulikuwa umesukumwa juu hadi kwenye kaakaa.

"Jino hili limemuuma tangu lini?"

"Haliumi," mke alisema. "Lilinyamaza."

Daktari alitikisa kichwa kama mtu anayesomewa barua anayoijua mwisho wake, akaita watu kwa sauti. Alimweleza mke huku kitanda kikiwa kimeshaanza kusukumwa: usaha ulishuka kutoka kwenye mzizi ukaingia chini ya ulimi na shingoni, njia ya hewa inafunga, lazima watoboe koo apumue, kisha wachane chini ya taya pande zote mbili. Na jino litatoka.

"Aliogopa kung'olewa," mke alisema, hakujua kwa nini anasema.

"Hatasikia."

Walipomaliza, muuguzi alimwonyesha jino juu ya pamba. Mke alikuwa ameshona maisha yake yote na alijua kutazama kazi ya mtu. Ganda lilikuwa limepasuka, mizizi imebadilika rangi. Lakini kile kifuniko cheupe cha muda kilikuwa kimekaa mahali pake barabara, hakijalegea hata kidogo.

Kengele alilala hospitali mpaka masweta yakatoka mezani. Daktari wa meno alikuja kumwona mara moja, akaketi ukingoni mwa kiti na mkoba wake magotini.

"Niliwasubiri," alisema.

Mrija ulikuwa bado kooni, hivyo Kengele hakuweza kujibu. Daktari aliwasha kurunzi, akamwangalia mdomoni. "Pengo linafunga vizuri," alisema, na machozi yakamtoka Kengele kuelekea masikioni, kimya kabisa.

Mrija ulipotolewa na kidonda kikafunga, walisubiri sauti. Ilikuja pumzi yenye mikwaruzo, kama mlango unaoburuzwa kwenye saruji. Madaktari walisema nyuzi za sauti zimepata kovu, wakasema huenda, wakasema tusubiri. Kisha wakaacha kusema.

Alirudi sokoni. Mzee Soksi alikuwa na sauti ya Kengele kwenye simu, aliyoirekodi zamani kwa utani, akaazima spika akaiweka juu ya meza. "Njoo dada, njoo kaka! Koti hili limevuka bahari!" Wauza mboga waliinua vichwa. Watu walijaa. Mteja mmoja alizunguka meza, akatazama juu ya robota, kisha akamwinamia mwanaume aliyeketi na kovu shingoni.

"Samahani mjomba, yuko wapi huyu anayenadi?"

Kengele alionyesha spika kwa kidole.

Mkewe alikuwa karibu, akasikia alichokuwa anakisikiliza mumewe. Kati ya bei na bei, sauti ilipovuta pumzi, palisikika kitu kikigonga meno: tk, tk. Ilikuwa pipi ikihamishwa shavuni. Kengele alisikiliza mpaka ikagonga tena. Halafu akanyoosha mkono, akaizima.

Sasa anayenadi ni mkewe. Hana mizaha; anataja nguo na bei, basi. Kengele anakaa kwenye stuli nyuma ya cherehani, anafumua zipu na kukata vifungo kwenye nguo zisizouzika, anavitia kwenye kopo. Anafika soko likifunguliwa na kuondoka likifungwa.