Ukurasa Uliokatwa Kichwa

Nilikuwa nimefundisha lugha kwa miaka mingi kabla ya kampuni moja ya Lubumbashi kuniita niipange upya tovuti ya miongozo yake. Kampuni hiyo hufunga kabati za umeme wa akiba, zile zenye betri ndani, katika zahanati na maduka ambayo hayawezi kungoja umeme wa mji urudi. Mafundi wake husafiri hadi mpakani, na kila wanachopaswa kujua kilikuwamo katika tovuti. Kilikuwamo, lakini hakikupatikana. Fundi aliyeandika kwamba kabati inapiga kelele alijibiwa kuwa hakuna matokeo, kwa sababu miongozo iliandikwa kwa Kifaransa cha wahandisi, na wahandisi hawasemi kwamba kitu kinapiga kelele.

Nikatia maneno ya mafundi katika utafutaji. Nikapunguza menyu, nikayapa mambo majina yanayoeleweka, nikahakikisha kwamba ukurasa wa kuzima kabati kabla ya kuifungua unatokea mbele ya kurasa zote. Ukurasa huo ulinitia hofu tangu mwanzo. Kabati za zamani ziliishiwa nguvu muda mfupi baada ya kuzimwa. Zilizokuja baadaye hufanana nazo kwa nje kama mapacha, ila hubaki na umeme ndani kwa muda mrefu, na fundi hana budi kupima kama umeme umekwisha kabla ya kuingiza mkono. Mwongozo wa zamani haukutaja kupima. Tuliufuta, tukaweka mpya, na juu kabisa, chini ya kichwa cha ukurasa, tukaandika onyo kwa herufi nyekundu.

Tulisifiwa. Mimi ni mtu wa kushuku sifa zinazokuja mapema, na sikukosa kusema hivyo, jambo ambalo halikunipatia marafiki ofisini.

Jumapili moja baada ya misa nilikwenda kula kwa mdogo wangu wa kike, anayeishi mtaa wa Naviundu. Mume wake ni fundi katika kampuni hiyohiyo, na kesho yake alikuwa aende Mokambo, kule mpakani, kufungua kabati ya zahanati. Tukiwa mezani, mikono ikiwa bado katika bukari, ugali wa kwetu, nilimuuliza kama ameusoma mwongozo mpya. Akanawa, akachukua simu, akanionyesha picha. Alikuwa ameupiga picha ukurasa wa zamani wa kuzima kabati kabla hatujaufuta, moja kwa moja kwenye kioo cha kompyuta ya ofisi, kama mafundi wote wafanyavyo kwa kuwa huko waendako mtandao ni wa kubahatisha. Ili hatua zisomeke vizuri alikuwa ameisogeza kamera karibu, na kichwa cha ukurasa kikabaki nje. Hapakuwa na aina ya kabati, hapakuwa na tarehe. Palikuwa na hatua tupu, na kupima hakukuwamo.

Nilimweleza kwamba ukurasa ule umekwisha kufutwa. Alinisikiliza kwa heshima anayonipa siku zote, halafu akatabasamu, akaniita beau, yaani shemeji, kama kawaida yake.

"Beau, nyinyi munabadirishaka site kila siku. Leo mulango iko huku, kesho iko kule. Iyi yangu haibadirikake."

Mdogo wangu akacheka, akasema kwamba hata yeye bwana wake hamwangalii kama anavyoiangalia picha ile. Nikamsihi shemeji ausome mpya kabla ya kuondoka. Akaahidi kuutazama njiani, kama mtandao ungekuwapo. Nilijua ahadi hiyo ina uzito gani. Picha ile ilikuwa imemrudisha nyumbani salama kila safari, na mimi nilikuwa na maneno tu.

Asubuhi nilimwendea mkuu wa idara. Kabla sijaketi, alinigeuzia kompyuta yake kwa furaha: tangu tubadilishe menyu, karibu hakuna tena aliyetafuta namna ya kuzima kabati. Kwake huo ulikuwa ushahidi kwamba watu wanafika moja kwa moja. Niliutazama mstari wa utafutaji ukiteremka kwenye kioo. Nikamwambia kwamba hawafiki popote, kwamba hawatafuti kwa sababu kila mmoja anatembea na picha mfukoni, na hata wakipiga picha mpya, onyo letu jekundu tumeliweka mahali ambapo kamera haifiki. Nikaomba kila hatua ya mwongozo ibebe aina ya kabati na tarehe yake, ili hata kipande kilichokatwa kiseme ni cha lini, na mafundi waitwe leo hii wafute picha za zamani. Alijibu kwamba ukurasa utakuwa mbaya kuutazama, na kwamba jambo la picha litaingizwa katika mkutano wa mwisho wa mwezi.

Tumezoea kudhani kwamba anayenyamaza ameridhika. Wazazi hudhani hivyo, wakubwa wa kazi hudhani hivyo, na sasa tumezifundisha mashine zidhani hivyo kwa niaba yetu.

Nilimpigia shemeji yangu simu asubuhi yote. Haikupatikana. Mchana simu yangu ililia, ikawa ni mdogo wangu, ambaye huniita yaya, yaani kaka mkubwa.

"Yaya, kuya mbio. Courant imemukamata."

Umeme ulikuwa umemkamata mumewe, lakini alikuwa hai. Wauguzi wa zahanati ileile aliyokwenda kuihudumia walimfunga mkono, na alipoletwa Naviundu vidole viwili vilikuwa havihisi kitu. Mkuu wa idara alikuja kumjulia hali, akaleta matunda, na mlangoni wakati wa kuagana akaniambia kwa sauti ya chini kwamba ameangalia kumbukumbu za tovuti.

"Mwalimu, hakutafuta. Sasa kosa ya site iko wapi?"

Nikamfungulia mlango. Nilirudi ndani nikamuuliza shemeji yangu ni nani aliyepewa picha ile. Alifumba macho, akafikiri. Alikuwa ameituma katika kikundi cha mafundi, na mafundi wameitumia wengine, hata wa kampuni nyingine huko Kamalondo. Mdogo wangu akamshikia simu, na yeye akawa anataja majina huku mimi nikipiga, mmoja baada ya mwingine. Wengi walipokea. Wawili walibisha, wakakubali waliposikia sauti yake. Mmoja hakupokea; nilipompigia mkewe, alisema mumewe ameondoka alfajiri na mfuko wa vifaa, na nilipompigia tena mumewe simu iliita mpaka ikakatika.