Alama Ukingoni mwa Pengo

Wanafunzi walimwita Antena kwa urefu na wembamba wake, naye jina lilimpendeza hadi akalibandika mlangoni pa maabara. Alikuwa fundi wa redio katika chuo cha ufundi, mama wa miaka hamsini na miwili. Shahada hakuwa nayo, ila mkono wake kwenye waya ulikuwa mwepesi kuliko wa wenye shahada wote. Akicheka, alisikika hadi ukumbi wa mitihani. Mara mbili wasimamizi walikuja kumwomba apunguze sauti.

Pacha wake alikuwa mkunga kwenye zahanati ya milimani. Mwaka ule mhadhiri mmoja alifunga redio mbili, moja maabara na moja zahanati, ili wakunga waweze kuonana kwa picha na daktari wa mjini. Redio hizo hazikuwa na masafa yao wenyewe. Zilisikiliza hewa kwanza. Zikikuta masafa ya kituo cha televisheni yako kimya, zinayatumia. Mwenyewe akirudi hewani, zinampisha palepale na kubaki na vipande vilivyosalia.

Shida ilikuwa saa saba mchana, televisheni iliporudi hewani kwa taarifa ya habari. Picha ilivurugika kila siku.

"Dada, sasa hivi una pua mbili," pacha wake alisema. "Na kwa ile moja tu, Mungu hakuwa bahili."

Antena alicheka mpaka akashika meza. Mhadhiri hakucheka, alitaka kuongeza nguvu ya mitambo.

"Ngoja kwanza, Mwalimu," Antena alimwambia. "Nipe karatasi ambazo redio zinachapa makosa yake, nikazitazame."

Akazibeba nyumbani, akazitandaza mezani. Siku ya tatu mumewe alisimama na sahani mkononi. "Mke wangu, leo tunakula juu ya makaratasi au chini yake?"

"Leo tunakula kibarazani," akajibiwa.

Alichokuwa anakitafuta ni hiki. Ndani ya kila ujumbe, redio huchomeka alama: sauti fupi ambazo pande zote mbili zinazijua tangu mwanzo. Mpokeaji hulinganisha alama iliyotumwa na ile iliyofika, akajua milima na mabati vimeipotosha vipi, kisha akanyoosha na maneno mengine yote. Mhadhiri alizipanga alama kwa umbali sawa, moja kila nafasi ya nane. Televisheni iliporudi, zile zilizoangukia sehemu yake zilinyamazishwa pamoja na sehemu yenyewe, likabaki pengo.

Ijumaa, kalamu nyekundu mkononi, akaona. Makosa hayakutawanyika. Yalirundikana kwenye kingo mbili za pengo, mahali ambapo hata alama iliyo karibu zaidi ilikuwa mbali, na mpokeaji alikuwa anabahatisha.

Jumatatu alimkuta mhadhiri anakunywa chai. "Mwalimu, kila pengo likitokea, tuzipange alama upya. Moja ukingo huu, moja ukingo ule, zilizobaki tuzisambaze katikati. Idadi ile ile, hatuongezi hata moja."

"Lakini vitabu vinasema ziachane sawa, Mama."

"Vitabu vinasema hivyo kwa hewa nzima. Ya kwetu ina mapengo."

Mhadhiri aliweka kikombe chini. Akauliza zahanati itajuaje alama zimehamia wapi. Antena alikuwa na jibu tayari: pande zote mbili zinajua pengo liko wapi, basi zifuate kanuni moja, zitafika pamoja. Mhadhiri akavuta kiti.

Alhamisi saa saba walijaribu. Kioo kikawa cheusi tii. Antena akapitia kanuni mstari kwa mstari, kisha akajipiga kofi kwenye paji la uso. Alikuwa amehesabu nafasi kuanzia moja, na redio huanzia sifuri. Kila alama ilikuwa imekaa pembeni ya kiti chake! Walisahihisha pande zote mbili, pacha wake akielekezwa kwa simu vitufe vya kubonyeza.

Habari zilikuwa bado zinaendelea. Kioo kikawaka. Uso ukatokea, mzima, na pua moja.

"Kumbe umesuka nywele!" Antena alipiga kelele.

"Tangu wiki iliyopita! Nilidhani umeona, unajifanya hujaona."

Mhadhiri, mtu mkimya siku zote, alirukaruka kama mtoto aliyefaulu, akamwaga chai kwenye viatu vyake. Kutoka ukumbi wa mitihani msimamizi alikuja mbio, akaona uso ule kiooni, akasahau alichokuja kukataza.

Mhadhiri alipoandika makala juu ya kazi ile, aliweka jina la Antena mbele ya lake. Antena alipinga siku nzima, jioni akakubali, na mumewe akasoma ukurasa ule kwa sauti mara tatu bila kuelewa sentensi hata moja.

Wiki iliyofuata, saa saba kamili, mkunga alipiga tena. Mikononi alikuwa na kichanga kilichozaliwa saa mbili zilizopita. Baba wa mtoto, muuza viatu wa mjini, alikuwa ameitwa maabara. Alisimama mbele ya kioo, kofia kifuani. Mtoto akapiga chafya.

"Mmeona?" baba aliuliza watu wote. "Mmeiona hiyo?"

Wote walikuwa wameiona.