Propela Juu ya Meko

Nimechonga vitanda, madirisha na majeneza hapa Litein, na sijaona mtu anayejua kuharibu mbao kama shemeji yangu, mume wa dada yangu. Ni mwalimu mstaafu aliyejiundia ndege nyuma ya zizi, kwa injini ya gari kuukuu na vitambaa alivyoshona dada. Iliwahi kuruka mara moja, kimo cha ng'ombe, na tangu siku hiyo anavaa miwani ya jua hata mvua ikinyesha.

Propela nilimchongea mimi. Nilishikanisha mbao sita kwa gundi, nikachonga, nikapaka vanishi tabaka baada ya tabaka. Nikamwambia aiweke imelala, mahali pakavu pasipo joto, na majira yakibadilika akague boliti zake, maana mbao huvimba kwa mvua na kunywea kwa jua. Akaitikia kwa kichwa, kama alivyozoea kuitikia wakaguzi wa shule.

Mvua zilipoanza, aliipeleka darini mwa jikoni, juu ya meko, panapowekwa mahindi. Eti moshi ndio uliotunza vibuyu vya mursik, maziwa ya mgando, vya nyanya yake miaka yote, kwa nini usitunze propela? Nilicheka hadi nikakaa chini. Kibuyu hakizunguki, mwalimu.

Miezi miwili upande mmoja ulikaa juu ya moto, na upande wa pili chini ya bati linalovuja. Alipoishusha, nilipitisha chuma katika tundu lake la katikati, nikakiegemeza kwenye migongo ya viti viwili. Upande uliovujiwa ukashuka papo hapo, uliokauka ukapanda. Propela ya namna hiyo huitikisa ndege mpaka injini ing'oke. Tena penye boliti palikuwa na ufa wa urefu wa kidole.

Nikamwambia hizo ni kuni sasa. Yeye akasema atajaza ufa kwa gundi, kisha apigilie misumari miwili upande mwepesi ili uzani ulingane. Misumari, kwenye kitu kitakachozunguka mbele ya uso wake. Na tayari alikuwa amealika watu wa lokesheni nzima kwa Jumamosi, uwanja wa shule, pamoja na pasta wa kuiombea ndege.

"Shemeji, wewe ni fundi ya viti," akaniambia. "Hii maneno ya hewa wachia mimi."

Sikio la kufa halisikii dawa. Nilienda zangu na hasira, na hofu pia, kwa sababu huyo mpumbavu nampenda.

Ijumaa asubuhi, alipopeleka majani ya chai kwenye kituo cha kuuzia, nilirudi na msumeno. Nikamkuta dada mlangoni pa banda la ndege. Huyu ndiye aliyeyashona yale mabawa kwa mkono, na kila nilipomkejeli mumewe alinijibu kwamba wivu utaniua. Nikasimama nikitafuta uongo wa kumwambia. Akautazama msumeno, akaingia ndani, akatoka na propela. Akailaza juu ya benchi, kisha akaukalia upande mmoja ili isiteleze.

"Kata hapo katikati kabisa," akasema. "Ukikata kando, ataunganisha."